Sentimita 11

Saa kumi na dakika kumi alfajiri simu ikalia ule mlio nilioutengea kipimo changu cha maji ya ziwa peke yake, mlio ambao tangu niuweke ulikuwa haujawahi kulia hata siku moja. Nikaishika gizani. Maji yamepanda sentimita 11 tangu saa sita usiku. Nikakaa kitandani nikasoma tena, sentimita 11, mi naishi Mwanza hii tangu nazaliwa na sijawahi kuona Ziwa Victoria linafanya hivo ndani ya usiku mmoja, lakini mashine ndo inasema, na mashine yenyewe niliitengeneza kwa mikono yangu. Nikaingia kwenye grupu la mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, nikaandika: "Ziwa limepanda sm 11 usiku huu na bado linapanda. Wenye mali chini toeni mapema."

Ujumbe ukasomwa na watu thelathini na kitu kabla hata sijavaa viatu.

Ilikuwa mwezi wa nne, siku za giza, na kila anayekaa karibu na mwalo anajua giza maana yake nini: mwezi haupo angani, dagaa wanafuata taa. Mitumbwi ilikuwa bado iko ndani na taa zake. Kina mama walikuwa na dagaa wa jana yake kwenye chanja za chini, nusu wakavu, wamebakiza jua la siku moja tu. Wakaamka na tochi za simu, wakawakusanya wote, wakawapandisha juu kwa ndoo na makarai, wakawarundika chini ya maturubai, wengine wakang'oa na chanja zenyewe. Sasa dagaa nusu mkavu ukimrundika anatoa joto mwenyewe, hahitaji moto. Na mitumbwi iliporudi na dagaa wabichi hapakuwa na pa kuwaanika.

Nilifika na bodaboda saa moja asubuhi, upande huu wa Igombe. Ziwa lilikuwa palepale.

Palepale kabisa. Mstari wa povu, yale mapande ya gugu maji, ule mtumbwi wa zamani uliooza, kila kitu kilikuwa kilipokuwa jana. Watu walikuwa wamesimama wananitazama, hakuna aliyenitukana, na nadhani ingekuwa nafuu kama wangenitukana. Mama mmoja, mkubwa kuliko wote pale, ambaye nimemjua tangu siku ya kwanza naleta nguzo yangu, alikuwa ameinama anafunua turubai ili mvuke utoke. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akaendelea kufunua. Alafu bila kuniangalia akauliza, "Hicho kijiti chako kinapima kuanzia wapi?"

Nikamjibu haraka, "Kuanzia kwenye sensa mpaka kwenye maji."

"Na hiyo sensa inaanzia wapi?"

Hapo sikuwa na jibu, na wiki saba sasa zimepita hilo swali halijaniacha. Ndo maana naandika.

Sikio linaloangalia chini

Niwaeleze kidogo kitu chenyewe. Mi ni fundi wa simu na vitu vya umeme, nina kibanda Makoroboi. Baada ya maji ya 2020 na yale ya 2024 yaliyoingia kwenye nyumba za watu nilijiambia lazima kuwe na kitu rahisi ambacho watu wa mwalo wenyewe wanaweza kukiangalia kwenye simu. Nikanunua sensa (siyo ile ya kuhesabu watu), hii ni ya sauti, inapiga mlio ambao sikio la binadamu halisikii, mlio unashuka unagonga maji unarudi, yenyewe inahesabu muda uliotumika. Sauti hewani inakwenda mita 340 na kitu kwa sekunde, kwahiyo ukijua muda unajua umbali. Umbali ukipungua maana yake maji yamekaribia, yani yamepanda. Nikaongeza paneli ndogo ya sola, betri, laini ya simu, nikaifunga juu ya nguzo ya chuma, mita mbili na kidogo juu ya maji.

Na sikuifanya kizembe. Nilijua joto linabadilisha mwendo wa sauti, jua la mchana na baridi ya alfajiri zikitofautiana nyuzi 10 basi kwenye mita mbili unaweza kukosea sentimita tatu na nusu hivi, kwahiyo nikaweka na kipimajoto kinachosahihisha. Buibui alijenga mbele ya sensa mwezi wa kwanza, nikajifunza kupangusa kila Jumamosi. Mawimbi nayo, badala ya kusoma mara moja inasoma mara sitini inachukua la katikati. Nilifikiria kila kitu kuanzia sensa kwenda chini kwenye maji.

Kuanzia sensa kwenda kwenye ardhi sikufikiria chochote.

Upepo

Siku ile ya kwanza nilijitetea kwa upepo. Na siyo uongo, upepo unalilaza ziwa kweli, ukivuma muda mrefu upande mmoja unasukuma maji yanajaa upande wa pili, ukitulia yanarudi, yanayumba kama maji ya kwenye karai lililobebwa kichwani. Kwahiyo pale mwaloni nikawaambia bila shaka upepo wa usiku ulileta maji alafu ukayarudisha kabla hamjaamka. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Mzee mmoja mshona nyavu akaniangalia kwa upole, akasema, "Kijana, usiku upepo unatoka nchi kavu unaenda ziwani. Ndo huo unawatoa wavuvi. Huo ungeyaondoa maji, usingeyaleta."

Kila mvuvi wa pwani hii anajua hilo kabla hajajua kusoma. Nami najua. Baba yangu mdogo alikuwa na tanga, anatoka jioni na upepo wa nchi kavu anarudi mchana na upepo wa ziwani. Nililijua nikalisahau kwa sababu namba ilikuwa kwenye kioo cha simu na mimi nilikuwa natafuta njia ya kuilinda.

Nikarudi kibandani. Kipimo kikaendelea kusema 11, kesho yake 12, keshokutwa 13.

Usiku wa tatu ndo nikachukua kalamu nikapiga hesabu ambayo ningetakiwa kuipiga kabla ya kugusa grupu. Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Sentimita moja ya ziwa zima ni mita za ujazo milioni 688. Sentimita 11 ni zaidi ya bilioni saba na nusu. Ndani ya saa nne. Na ziwa hili maji yake mengi halipati mitoni, karibu asilimia 80 linapata kwa mvua inayolinyeshea lenyewe mgongoni, kwahiyo ingebidi inyeshe milimita 110 kila mahali, hapa, Bukoba, Musoma, Kisumu, Entebbe, kwa wakati mmoja, usiku ambao juu ya Mwanza tuliona nyota.

Nikafungua grafu yenyewe. Nikawa nimeiona mara mia ile namba lakini mstari sikuwahi kuutazama vizuri. Maji yalipanda kwa vipande vitatu, saa saba kasoro, saa nane, saa kumi kasoro, na katikati ya vipande pametulia. Kama mtu anayeshuka ngazi. Ziwa halipandi ngazi. Ziwa linanyanyuka na kushuka kidogo kidogo muda wote kama kifua cha mtu aliyelala.

Kitu kilichoshuka ngazi kilikuwa nguzo.

Kesho yake alfajiri nikaingia kwenye maji mpaka magotini. Siku naisimika niliipaka rangi nyekundu kuanzia juu mpaka usawa wa tope, na msingi wake ni debe la zege. Nikapapasa chini. Mwisho wa rangi haukuwepo. Nikachimba kwa mkono kwenye lile tope laini kama uji, nikaupata, nikapima kwa rula: sentimita 13. Baadaye nikaambiwa usiku ule kuna mtumbwi ulirudi mapema injini imegoma, wakaufunga kwenye nguzo yangu, na mawimbi yakawa yanauvuta na kuurudisha, kila ukivutwa lile debe linakaa chini zaidi. Nguzo ikazama, sensa ikashuka nayo, umbali wa kufika kwenye maji ukapungua, na mashine kwa uaminifu wake wote ikatangaza kwamba ziwa limepanda.

Haikudanganya. Iliambiwa ipime umbali ikapima. Mimi ndo niliyesema huo umbali ni ziwa.

Jiwe

Siku hiyohiyo nikamfuata mama nikamwambia ukweli wote, kwamba ziwa halikupanda, ni nguzo ilizama. Nikaomba radhi mbele ya wenzake, nikaandika na kwenye grupu. Wale dagaa waliochemka walikwenda kuuzwa chakula cha kuku, na anayejua bei ya dagaa wa kula na bei ya dagaa wa kuku anajua ni hasara gani. Nililipa nilichoweza. Wengine walipokea, yeye akakataa, akaniambia njoo nikuonyeshe kitu.

Mwanza hii kila mtu anaishi na mawe, wengine tumejenga juu yake wengine chini yake, kwahiyo sitawaeleza jiwe likoje. Hili liko mwisho wa mwalo, limesimama nusu ndani ya maji nusu nje, kubwa kama chumba. Upande wa ziwani lina mistari iliyochongwa kwa chuma, mifupi, kila mmoja urefu wa kiganja. Mmoja kati ya ile ya juu umeliwa na jua na mvua mpaka unautafuta kwa kidole kuliko kwa jicho.

"Huu alichonga baba," akasema. "Maji ya Uhuru."

Wazee wetu wanaita hivo kwa sababu mvua zile zilianza mwaka 1961, mwaka tuliopata Uhuru, na hazikuonyesha dalili ya kuchoka. Ziwa likapanda karibu mita mbili na nusu mpaka 1964. Chini ya mstari ule, mbali sana, kuna alama nyingine ambayo siku hizi inafunikwa na maji, yeye mwenyewe alichonga 2006 ziwa lilipokimbia watu, wakawa wanatembea kwenye matope kufuata mitumbwi. Nikaingiza mkono nikaigusa. Alafu 2020 akachonga tena, na huo mstari wa 2020 uko juu ya ule wa baba yake kwa unene wa kidole. Kimoja.

Mwili ulinisisimka. Kwa sababu kwenye kipimo cha Jinja, kule Uganda Nile inapotokea ziwani, ambako wamekuwa wakiandika tangu karne ya 19 inakwisha, kilele cha Mei 1964 ni mita 13.41, na Mei 2020 maji yakarudi yakafika hapo yakapita kidogo tu. Alafu 2024 yakavuka tena, na mama ana mstari wa 2024 pia, umewekwa pale pale unapotegemea uwe. Baba na binti, miaka 56 katikati yao, msumari na nyundo, juu ya kitu ambacho hakizami.

Mimi nina data za miezi minane.

Mita kumi na tatu za nini?

Hapa nisimame kidogo kwa sababu nimeona watu wanachanganya hata kwenye redio. Ukisikia ziwa limefika mita 13 Jinja siyo kina. Kina cha ziwa letu kwa wastani ni mita 40 hivi na penye kina kirefu kabisa linafika karibu mara mbili ya hapo. Zile 13 zinahesabiwa kuanzia sifuri ya ubao wa Jinja, na hiyo sifuri mtu aliiweka, iko kama mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Angeiweka mita moja chini leo tungekuwa tunasema 14 na hakuna tone lingeongezeka. Namba ya maji haina maana mpaka ujue sifuri iko wapi na nani anailinda isitembee.

Mama aliniuliza hilo kwa maneno matano, na mimi nina cheti cha ufundi ukutani.

Mzee wa saa tatu na saa tisa

Baada ya hapo nikamtafuta mzee mmoja anayekaa Nyegezi, amestaafu, enzi zake alikuwa msoma kipimo cha maji. Nilidhani nitakaa nusu saa, nikaondoka jioni.

Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye ubao mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, basi. Ule ubao wengi mmewahi kuuona bila kujua ni nini, vibati vyeupe vilivyopigwa rangi ngumu kama ya sahani za bati, vina alama nyeusi za sentimita, kila kibati mita moja, vimefungwa kimoja juu ya kingine kwenye nguzo au ukuta wa gati. Nikamuuliza mawimbi alikuwa anafanyaje. Akainua mkono akauyumbisha polepole, akasema unasimama unaangalia yanapogonga juu na yanaposhuka chini, unahesabu mara kadhaa, unachukua katikati, na kama ziwa limechafuka unaandika pembeni kwamba limechafuka. Ubao unaota ukungu wa kijani, unausugua. Kuna wenzake waliokuwa na mashine ya boya, boya linaelea ndani ya bomba lililosimama lenye tundu dogo chini, mawimbi yanabaki nje maji yanaingia polepole, na kalamu inachora yenyewe kwenye karatasi inayozungushwa na saa. Huo ujanja wa kisima chenye tundu siyo wa jana, kule Cairo kwenye kisiwa cha Roda kuna nguzo ya kupimia Nile ya mwaka 861 iko ndani ya shimo linaloingia maji kwa mifereji ya chini. Na Nile hiyo sehemu yake ni maji haya haya, yanayotokea kwetu kupitia Jinja.

Lakini kilichonikaa ni vitu viwili alivyosema kama vya kawaida tu.

Kwanza, kila baada ya muda walikuja wapima na leveli yao na fito, wanaanzia kwenye benchi maki, yani alama ya kudumu ya usawa iliyopigwa kwenye jiwe, wanashuka mpaka kwenye ubao kuangalia kama umetembea. "Ubao unatembea," akasema, kama anayemzungumzia mbuzi. "Jiwe ndo halitembei." Kwahiyo watu walijua. Walijua zamani, wakaweka utaratibu, na mimi nilikuja na sensa na laini ya simu nikaruka ule utaratibu kwa sababu hauonekani kwenye picha ya kifaa.

Pili nilimuuliza siku akiumwa. Akasema siku asipokwenda anaacha wazi. Nikasema si ungekadiria tu, jana kiasi fulani kesho kiasi fulani, katikati inajulikana. Akanitazama kama nimemwambia aibe.

"Sijaona, naandikaje?"

Nilirudi nikafungua programu yangu nikaangalia ile sehemu inayojaza mapengo mtandao ukikatika. Niliiandika mwenyewe na nilijivunia, grafu ilikuwa inatoka nzuri haina shimo. Nikaifuta usiku uleule.

Mita 60

Sasa kuna jambo hili linahusu wengi kuliko dagaa wa siku moja. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka kwenye ufukwe, na mi naunga mkono kabisa, nimeona ziwa likivunja ukuta. Lakini nenda kwenye fukwe zetu zilizolala. Chukua mahali ardhi inanyanyuka mita moja kila ukitembea mita 50. Ziwa likishuka mita tatu, na kati ya kilele cha 1964 na lile anguko la 2006 tofauti ni kama hiyo, ukingo wa maji unakimbia mita 150. Mtu aliyepima mita zake 60 kwa haki kabisa mwaka 2006, akajenga, akalala, mwaka 2020 ameamka sebule ina maji. Hakuvunja sheria siku ile alipopima. Alipima kutoka kwenye kitu kinachotembea.

Nina shemeji yangu yuko kwenye hali hiyo hiyo. Nimekaa naye kwenye ile nyumba, tumeinua kabati kwa matofali, mstari wa maji uko ukutani bado, rangi ya chai. Anasema alimuuliza kila mtu kabla ya kujenga. Najua aliuliza. Ila kila aliyemjibu alikuwa anaangalia ziwa la siku hiyo. Lile jiwe la mwaloni lingemjibu tofauti, na liko umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwake.

Kule juu

Kuna rafiki alinishauri niachane na manguzo, siku hizi setelaiti zinapima maziwa. Ni kweli na ni jambo kubwa. Tangu 1992 kuna setelaiti za kupima usawa wa maji kwa rada, moja yao ilirushwa Novemba 2020, zinapita kilomita 1,336 juu yetu, kila moja inatuma mlio wa redio unagonga ziwa unarudi, inahesabu muda. Kila siku kumi hivi inarudi kwenye njia yake ileile. Ukikaa ukafikiria, ni kitu kilekile nilichofanya mimi, ila nguzo yao ni ndefu.

Na nao wana swali la mama. Setelaiti yenyewe iko wapi? Wanatumia nusu ya kazi yao kujibu hilo, vituo vya ardhini vinaifuatilia kila mzunguko ili ijulikane iko umbali gani hasa kutoka katikati ya dunia, na namba inayotoka inapimwa kutoka kwenye umbo la dunia lililokubaliwa kwa hesabu. Wametafuta jiwe lao wakalipata. Nilipolielewa hilo sikujisikia mdogo, nilijisikia niko kwenye kazi yenyewe.

Ila siku kumi ni nyingi kwa mwenye dagaa. Bado mwalo unahitaji kipimo chake.

Mpira wa maji

Kwahiyo tulianza upya. Nasema tulianza kwa sababu safari hii sikwenda peke yangu. Sensa imetoka kwenye nguzo, tumetoboa lile jiwe kubwa upande wa juu, tumepiga bolti ya kutanuka, mkono wa chuma umetokeza juu ya maji. Sifuri tulikubaliana iwe mstari wa 2006, ule wa chini, kwa sababu mama alisema watu wote pale wanaukumbuka mwaka ule na tope lake.

Kuhamisha usawa kutoka kwenye mstari mpaka kwenye sensa hatukuwa na leveli ya wapima. Alikuja kijana mmoja fundi ujenzi na ule mpira mwangavu wa maji, mita kumi, wote mnaujua, ule wa kupangia matofali ya kona na kona. Akaujaza, akatoa mapovu kwa kuupigapiga kidole kutoka chini kwenda juu, povu moja likibaki kipimo kimeharibika, akachukua muda sana kwenye hilo na hakuna aliyemharakisha. Alafu ncha moja akaishika mama kwenye mstari wa 2020, kwa sababu wa 2006 uko ndani ya maji, nyingine nikaishika mimi kwenye mkono wa sensa. Maji yakayumba juu chini, juu chini, kila mara kidogo zaidi.

"Yametulia kwako?" akauliza mama.

"Bado."

Tukangoja. Nilikuwa naangalia ule ukingo wa maji ndani ya mpira, umejipinda kidogo pembeni pale unapogusa plastiki, na nikajikuta naelewa kwamba hiki ninachokishika ni ziwa dogo, lina pande mbili, upande mmoja yuko yeye na jiwe la baba yake upande mwingine niko mimi na sensa yangu, na maji hayatajali nani ana cheti.

"Yametulia."

Nikachora.

Meseji za kipimo nazo zimebadilika. Zamani ilikuwa inasema "maji yamepanda sm kadhaa." Sahivi inasema maji yako sm ngapi juu ya mstari wa 2006, ngapi chini ya mstari wa Uhuru. Na tahadhari haiingii tena kwenye grupu moja kwa moja, inakuja kwangu na kwa mama, na mpaka mmoja wa watu wa mwalo aende na tochi aliangalie jiwe ndo inatumwa. Rafiki yangu mwingine wa kompyuta ananiambia nimerudi nyuma, tahadhari inayosubiri mtu siyo tahadhari. Nimelifikiria sana hilo. Kwenye mto unaoshuka mlimani ana haki, dakika kumi zinaua. Kwenye ziwa linalohitaji mita za ujazo milioni mia saba kupanda sentimita moja, dakika kumi za kwenda kuangalia zipo. Tufani ni kitu kingine na kwa tufani sina jibu bado, mvuvi anaitegemea mamlaka ya hali ya hewa na macho yake.

Vidole viwili

Jumamosi iliyopita nilikwenda kupangusa sensa. Mama alikuwa ameshafika, amekaa kwenye jiwe dogo la pembeni, miguu ndani ya maji. Siku hizi kila asubuhi anaangalia mstari kabla hajaanza kazi, anapima kwa vidole kutoka mstari wa 2020 kushuka kwenye maji, shibiri na vidole, mjukuu wake anamwandikia kwenye daftari la shule. Kuna siku mbili ziko wazi, alikwenda msibani.

Nikamsomea ya kwangu. Akanisomea ya kwake. Tukageuza vidole kuwa sentimita kwa rula, mkono wake siyo wangu, kidole chake kimoja ni sentimita moja na milimita saba. Tukatofautiana. Kwa hesabu yangu maji yalikuwa juu zaidi kuliko yake, vidole viwili kasoro, kama sentimita tatu.

Nikaangalia bolti, imekaza. Nikaangalia kipimajoto, kiko sawa. Buibui hakuna. Nikamuuliza alipima saa ngapi, akasema jua lilikuwa bado halijatoka. Yangu ilikuwa ya saa mbili. Ziwani upepo ulikuwa ndo kwanza unaanza kugeuka, unahisi kwenye shavu, maji yanaanza kukunjamana kuja huku kwetu.

"Inaweza ikawa upepo," nikasema, na safari hii nilisema polepole.

"Inaweza," akasema. "Au nimekosea mimi. Kaa."

Akasogea kunipa nafasi, nikavua viatu, nikaweka miguu ndani ya maji. Daftari likiwa wazi kati yetu, tukangoja tupime pamoja.